Siku Bi Birika Alipoongeza Maji Kwenye Kahawa

Benchi lenyewe zamani lilikuwa mlango. Tundu la kitasa bado lipo, na mwenye bahati mbaya ndiye hukalia hapo. Limeelekea geti dogo la hospitali, lile la pembeni ambalo wagonjwa hawapiti, wanapita watu wenye vitambulisho shingoni na magari ya masanduku meupe. Nyuma ya geti kuna jengo lisilo na dirisha hata moja upande wa barabara, linanguruma mchana kutwa kama tumbo la mtu aliyelala na njaa. Bi Birika aliweka jiko lake kwenye ncha ya benchi hilo tangu magoti yake yalipokuwa bado yanamsikiliza. Sheria ya pale ni moja na haijaandikwa popote: mtu akisema "sijui," kikombe chake kinafunikwa mpaka kesho. Kwa hiyo pale kila mtu hujua kila kitu, na asiyejua hujua zaidi.

Siku hiyo aliyeogopa kahawa kuisha alikuwa mwenye kahawa mwenyewe. Saa tatu alikuwa ndani ya jengo lile, kwenye ukumbi mwembamba unaonuka dawa ya kusafishia sakafu, amesimama mbele ya binti yake. Binti alikuwa amempakata mwanawe, miguu ya mtoto inaning'inia kama ya mtu aliyelala.

— Mama, saa sita wanaitoa dawa kwenye barafu, binti alisema bila kuinua uso. Ikishayeyuka hairudi.

— Nimesikia.

— Mimi sitii saini mpaka wewe utie dole lako. Likitokea la kutokea, siwezi kulibeba peke yangu.

— Nimesikia, mwanangu. Acha nikamalize birika, halafu nitarudi.

Ndivyo alivyotoka, karatasi imekunjwa mara nne kifuani mwake. Sasa alikuwa akimimina vikombe nusu nusu, huku akiomba moyoni birika lisiishe.

— Mmesikia redio leo? alianza Fundi Redio, ambaye kazi yake ni kufungua redio na simu za watu, na kuzifunga Mungu akipenda. Mtaalamu wa hilo jengo hapo ametajwa kwenye taarifa ya habari.

— Yupi? Yule dada wa miwani anayevuka na chakula chake kwenye kopo? aliuliza Profesa. Huyu ni kinyozi. Aliwahi kumnyoa profesa mara moja, nywele zikaenda na maji, cheo kikabaki.

— Huyo huyo. Anatibu ubongo. Wanasema mwili mzima umeandikwa maelekezo, kila chembe ina maelekezo yake. Sasa kuna watoto wanazaliwa maelekezo yameruka neno moja. Moja tu! Mtoto anakua vizuri, anacheka, anatembea, halafu ubongo unaanza kubomoka kidogo kidogo. Huyo dada amepata njia ya kulirudisha neno lililoruka.

— Analirudisha kwa kitu gani? Kwa baiskeli?

— Kwa kirusi.

Profesa alikitua kikombe.

— Kirusi cha ugonjwa?

— Kilichotolewa ugonjwa. Wamekikomba ndani kama kibuyu, wakaweka maelekezo mazima badala yake. Wanakitia mgongoni kwa sindano, chenyewe kinapanda hadi kichwani. Kirusi kinajua njia, si ndiyo kazi yake?

— Haya sasa! Profesa alipiga paja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake, mgeni akiingia kichwani, mwenye kichwa atafute pa kwenda.

— Methali hiyo haina maana hiyo.

— Haina kwa wewe unayeifungua kwa bisibisi.

Wakacheka. Bi Birika naye alicheka, lakini kicheko chake kilitoka peke yake, moyo ulibaki nyuma. Kwa sababu hayo ya kirusi alikuwa ameyasikia kutoka kwenye kinywa chenyewe. Yule dada alikuwa amemkalisha juzi kwenye chumba kidogo chenye meza na ndoo ya takataka, viatu amevivua chini ya meza kwa uchovu, akamweleza taratibu kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Kinaweza kuliumiza ini, bibi. Kinaweza kuleta homa kali. Kinaweza kisifanye kitu chochote. Na hakichomwi mara mbili, kwa sababu mwili ukishamjua mgeni huyo, siku ya pili unamfungia mlango. Panya wamepona. Binadamu bado. Sitakuficha, mjukuu wako atakuwa wa kwanza.

— Atapona? Bi Birika alikuwa ameuliza.

— Sijui, bibi.

Miaka yote amekaa na watu wanaojua kila kitu. Neno lile lilimshtua kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

— Nyinyi mnasikia redioni, mimi nimeona, alisema mzee wa tatu, Kamanda. Yeye alilinda lile geti dogo miaka saba, mpaka macho yalipoanza kumwonyesha mtu mmoja wawili wawili. Mle ndani, akaendelea, kuna majokofu marefu kuliko mimi. Likifunguliwa linatoa moshi. Moshi wa baridi! Siku moja nikamuuliza kijana wa usafi, humo mmeweka nini? Akaniambia, mzee, usiulize.

— Labda hakujua.

— Angekuwa hajui angesema. Anayesema usiulize anajua. Mle kuna bongo za watu.

— Za nani?

— Za watu wasiozihitaji tena. Na za wengine waliokuwa bado wanazihitaji.

— Kamanda, acha kututisha asubuhi yote hii.

— Nikutishe nini? Nilipita siku moja kwenye chumba cha panya. Panya mia wamejipanga. Wote wakageuka kunitazama kwa pamoja. Panya wa kawaida anakimbia, jamani. Wale walinitazama kama wananidai maelezo.

Bi Birika alimimina. Birika lilikuwa limekuwa jepesi mkononi. Saa ya ukutani ya duka la Fundi Redio ilionyesha saa nne na robo, ingawa saa za pale hazikubaliani hata siku moja. Akageuka kama anayechochea mkaa, akachukua chupa ya maji ya moto, akaongeza kikombe kizima ndani ya birika. Hajawahi kufanya hivyo maishani mwake. Aliona aibu kama mwizi.

— Mimi shida yangu ni hayo maelekezo, alisema Fundi Redio. Yanatoka kwa nani? Mimi hapa simu ikiharibika natoa kifaa kwenye simu nyingine iliyokufa. Naweka. Simu inawaka. Lakini mara nyingine inawaka na majina ya mwenye ile iliyokufa. Umenielewa? Sasa mtoto anachomwa maelekezo ya mtu mwingine. Anaamka. Anamtazama mama yake, anasema, wewe ni nani?

— Lo!

— Anaanza kuulizia nyumba ambayo hajawahi kuishi. Anamtaka mke. Ana miaka mitano, anamtaka mke wake na watoto wake watatu!

— Na wao wakija?

— Ndiyo hapo sasa. Utawanyima baba yao?

Profesa hakukubali kuachwa nyuma. Alisimama kabisa.

— Hilo dogo. Kirusi ni kirusi. Kazi yake ni kuruka kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Mtoto huyo akipiga chafya shuleni, darasa zima limepata maelekezo yake. Darasa likirudi nyumbani, mtaa mzima. Baada ya mwezi mmoja, watu wote hapa tuna kichwa kimoja. Mtu mmoja akiwashwa, wote tunajikuna. Nitamnyoa nani? Wote watataka mtindo mmoja! Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa kinapasuka.

— Kibaba hakipasuki.

— Hiki kitapasuka.

Dada yule alisema hakiambukizi. Alisema kimeng'olewa kila kitu cha kuzalia. Bi Birika aliyakumbuka maneno, lakini maneno ya mtu mmoja aliyevua viatu yanashindanaje na ya watu watatu waliovaa? Alijiona anamwona mjukuu wake akifumbua macho na kumtazama kama mgeni wa mlangoni. Karatasi kifuani ikawa kama kaa la moto.

Halafu Kamanda akasema lile alilokuwa akiliogopa kuliko yote, akalisema hivi hivi, huku akipuliza kahawa.

— Lakini tuseme kweli. Magonjwa hayo hayaji kwa upepo. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ukiona mtoto hivyo, tazama ukoo wa mama yake. Kuna kitu kwenye damu yao wamekificha.

— Hapo umenena, alisema Profesa.

Bi Birika aliinama kuchochea mkaa usiohitaji kuchochewa. Alikuwa na mdogo wake, zamani sana, nyumbani kwao. Mdogo huyo alikuwa anakimbiza kuku uani, anaita kila mtu kwa jina. Halafu majina yakaanza kumtoka, halafu miguu, halafu shingo. Majirani walisema kuna mtu kamtupia jicho. Wengine walisema kuna mtu ukooni katenda dhambi. Baba aliagiza mtoto awekwe chumba cha nyuma wageni wakija. Na mama yake alikuwa akimlisha kwa kijiko, kijiko kimoja kwa saa nzima, akisema kwa sauti ya chini, "Huyu haumwi jamani. Huyu anatuaga polepole." Bi Birika alikuwa na miaka tisa, alisimama mlangoni kashika bakuli, na sauti ile haijamtoka sikioni mpaka leo. Yule dada alikuwa amepima damu yake na ya binti yake, na juzi alimwambia neno lililoruka limo kwa baba wa mtoto na limo kwa mama, na kwa mama limetoka kwake yeye Bi Birika, na wala si kosa la mtu. Si kosa la mtu. Aliyasikia maneno hayo yakigonga mlango, na hakuweza kuyafungulia.

— Bi Birika, aliita Fundi Redio, umenyamaza kama uliyemeza kifuniko. Hebu tuambie, yule mjukuu wako, Chiriku wetu, yuko wapi siku hizi?

Wao ndio waliompa jina hilo. Alikuwa akija pale akiwa na miaka mitatu, anakaa katikati yao, anauliza maswali mpaka Profesa anajificha dukani. Kwa nini kahawa ni nyeusi? Kwa nini Kamanda anafumba jicho moja? Kwa nini redio haina mdomo?

— Yuko shule, alisema Bi Birika.

— Walimu wake nawaonea huruma! Yule mtoto atakuwa mwanasheria. Atamhoji hakimu mpaka hakimu akiri.

— Mlete basi Jumamosi. Nimemwekea redio ndogo, haisemi lakini inawaka taa.

— Nitamleta.

Mwaka mzima amewaambia hivyo. Maneno ya Chiriku yalianza kupungua kabla ya mvua za mwaka jana. Bi Birika aliyahesabu kama mtu anavyohesabu kuku wake jioni. Yalikuwa hayahesabiki, yakawa arobaini, yakawa kumi na moja. Sasa yamebaki mawili, "bibi" na "bado," na hilo la pili hulisema hata akiwa ameshiba. Wiki iliyopita alipaliwa na maji. Maji matupu! Na dada yule alisema dawa hairudishi kilichobomoka, inazuia tu kisibomoke zaidi, ikikubali. Kila wiki ya kungoja ni tofali linalotoka ukutani.

Akageuka tena kwenye mkaa. Akaongeza maji kikombe cha pili.

— Hebu, alisema Profesa akionja. Bi Birika, kahawa yako leo inaona haya. Imetazama maji ikakimbia.

— Kunywa unyamaze.

— Mimi nasema tu. Nauona mpaka chini ya kikombe.

— Tena birika lenyewe leo haliishi, alisema Kamanda. Saa tano imepita. Siku zote tungekuwa tumeshafukuzwa.

— Labda limechomwa kirusi, alisema Fundi Redio, na wakacheka mpaka benchi likalia.

Ndipo alipofika yule mwanamke.

Alikuwa ameshuka kutoka safari ndefu, ungemjua kwa viatu. Vumbi la viatu vyake halikuwa la pale. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto mkubwa, mkubwa kupita umri wa kubebwa, na kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala begani kwa namna ambayo Bi Birika aliitambua kabla hajamwona uso. Mdogo wake alikuwa akilaza kichwa hivyo hivyo.

— Shikamooni, wazee wangu. Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Tua mzigo, kaa.

— Nashukuru, nitakaa nikirudi. Naulizia geti la mtaalamu wa ubongo.

Wanaume watatu walitazamana. Kamanda alinyoosha kidole, pole pole, kama anayeonyesha kaburi.

— Ni pale. Lakini dada yangu, unajua unakokwenda?

— Umesikia habari za kirusi? alidakia Profesa. Kaa kwanza tukueleze. Sisi hapa tunalijua jengo hilo ndani nje.

— Kumbe mnalijua? Uso wa mwanamke ulifunguka. Alishusha pumzi kama mtu aliyefika. Basi Mungu amenisaidia. Mimi nimepigiwa simu niseme ndiyo au hapana. Wameniambia mwanangu ni wa pili kwenye orodha, wanawachoma mmoja mmoja. Anachomwa wa kwanza, wanamtazama mwezi mzima, ndipo wamwite wangu. Nikasema siwezi kujibu kwenye simu. Nimekuja nimwone huyo wa kwanza kwa macho yangu, nimshike mkono, nimwulize mama yake. Niambieni basi nyinyi mnaokaa hapa. Huyo mtoto wa kwanza anaendeleaje?

Fundi Redio alimtazama Kamanda. Kamanda alimtazama Profesa. Profesa alitazama ndani ya kikombe chake, na kwa kahawa ile hapakuwa na pa kujificha.

— Sisi... alianza Kamanda.

— Kwa kweli hapo... alisema Fundi Redio.

Gari la masanduku meupe lilipita, geti dogo likafunguliwa na kufungwa. Mtoto aliye mgongoni alitoa sauti ndogo, si kilio wala si neno, na mama yake akamtikisa kidogo bila kugeuka, kwa mazoea, macho bado yako kwenye nyuso za wale wazee watatu.

— Hamjasikia lolote? aliuliza tena. Hata kama ni baya. Niambieni tu.

Bi Birika alikuwa ameogopa ini, ameogopa homa, ameogopa macho yasiyomtambua, ameogopa watu wa benchi kujua damu yake ina nini. Hakuwa amefikiri kwamba kuna mtu amesafiri usiku na mchana kuja kuangalia kama yeye ameweka dole gumba au hajaweka. Na nyuma ya huyu yuko nani? Wa tatu yuko kwenye basi gani? Akili ikamwambia, mwache huyu atangulie. Sema hapana, wa pili awe wa kwanza, wewe utazame. Ni wazo zuri. Ni salama. Alilitazama wazo hilo, halafu akakitazama kile kichwa kilicholala begani, akaona kwamba huyu mama naye, akiambiwa atangulie, atarudi nyumbani kungoja mwingine, na huyo mwingine naye atangoja. Na watoto wote hao watakuwa wanaaga polepole, kila mmoja kwenye chumba chake cha nyuma.

Akaweka birika chini, juu ya udongo, mbali na mkaa. Akanyanyuka kwa kushika bega la Profesa.

— Unakwenda wapi, Bi Birika? aliuliza Fundi Redio. Kahawa bado ipo.

Alitia mkono kifuani akatoa karatasi. Ilikuwa imelowa jasho, mikunjo minne imeanza kuchanika. Watu watatu waliojua kila kitu waliitazama karatasi ile, wakaona muhuri wa hospitali, na Fundi Redio aliyekuwa karibu aliona jina la mtoto lililoandikwa juu yake. Hakulisoma kwa sauti. Kikombe kilimponyoka, kahawa ikamwagikia viatu vyake, wala hakuvitazama.

— Chiriku? alisema.

Bi Birika hakumjibu. Alimgeukia yule mwanamke.

— Mwanangu, huyo wa kwanza hajaingia bado. Alikuwa ananingoja mimi. Ndiyo nakwenda kumpeleka.

— Wewe ni bibi yake?

— Mimi ni bibi yake.

— Huogopi?

— Naogopa mpaka siwezi kuhisi miguu yangu, alisema Bi Birika. Kaa hapo. Nikitoka nitakwambia nilichokiona, kikiwa kizuri nitakwambia, kikiwa kibaya nitakwambia.

Akaanza kuvuka. Katikati ya barabara alisimama, pikipiki ikampigia honi, akabaki amesimama kama aliyesahau ng'ambo ni ipi. Kamanda alinyanyuka kwenda kumshika mkono, lakini kabla hajafika alikuwa ameanza tena kutembea, karatasi ameibana kwa viganja viwili. Mlinzi wa geti alimfungulia. Geti likafungwa.

Pale benchini Profesa alihamia kwenye tundu la kitasa, akampisha mgeni. Yule mwanamke akalegeza mbeleko, akamshusha mwanawe mapajani, akampangusa mdomo, akakaa na macho yake getini. Fundi Redio aligeuza shingo kutazama saa ya dukani kwake. Ilisema saa sita kasoro dakika kumi, lakini hakuna aliyekumbuka kama ilikuwa mbele au nyuma.